Barua kwa mwanangu: usinunue difu bado

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Huku Morogoro hatujambo, mama yako anakusalimu sana na anauliza kama parachichi za mwaka huu zimepata bei. Nami nimesoma maelezo yako kuhusu gari. Unasema Hilux inaanza kuvuma ikifika mwendo wa 60, na ikifika 80 mvumo unajaa kabini mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Tena ukitoka rivasi ukaingia gia ya kwanza, kitu kinagonga chini mara moja, ko! Fundi wa huko amesikiliza, akasema difu, lile boksi la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, imekwisha, utafute nyingine ya mtumba. Nakuomba usitoe hela hiyo kwanza.

Simwiti fundi huyo mwongo. Ninachosema ni kwamba hajakuonyesha kitu. Wewe umemweleza sauti mbili, yeye amezipa jibu moja. Mvumo na kule kugonga kwa chini vinaweza kuwa ugonjwa mmoja, lakini mara nyingi sana si mmoja, na anayevichanganya hubadilisha kipuri kikubwa halafu gari linarudi barabarani likivuma vilevile. Katika miaka yangu yote ya gereji nimeona difu nzima zikishushwa chini kwa sababu ya matairi. Jambo hilo huniuma, kwa sababu mwenye gari ndiye anayelipa, na difu iliyokuwa nzima inaishia kwenye chuma chakavu.

Kabla hujauliza sauti inatoka wapi, uliza inafuata nini. Gari lina vitu vinavyozunguka kwa kufuata injini, na vingine vinavyozunguka kwa kufuata magurudumu. Ukipata kipande cha lami tambarare kisicho na magari, fika 80, tia nyutro, acha gari litembee lenyewe. Injini usiizime, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Sikiliza tu. Kama mvumo unabaki uleule na kupungua taratibu mwendo unavyoshuka, basi injini haimo na klachi haimo. Umebaki na matairi, beringi za magurudumu, propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) na difu. Kama mvumo umekatika ulipotia nyutro, kitu kinalia kikiwa kimebeba nguvu, na hapo difu na giaboksi vinapanda juu kwenye orodha.

Giaboksi nayo ina namna yake ya kujisema. Gari likiwa limesimama, injini inaunguruma, gia iko nyutro: kama kuna mlio unaopotea ukikanyaga klachi, ni beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi. Ukikanyaga ndiyo mlio unakuja, ni beringi ya klachi yenyewe. Na kwa giaboksi yako ya gia tano, gia ya nne huunganisha moja kwa moja, nguvu inapita bila kuzungukia shafti ya chini. Kwa hiyo mlio ulio kwenye gia nyingine zote na kupungua sana kwenye ya nne unakuelekeza kwenye shafti hiyo ya chini na beringi zake. Kwa ulivyoeleza sidhani kama ndilo tatizo lako, lakini lijaribu, halikugharimu kitu.

Sasa matairi, na hapa usiwe na haraka. Yale matairi yako ya meno makubwa uliyoyafunga kwa ajili ya tope la mashambani huvuma hata yakiwa mapya, na yakilika vibaya huvuma kama beringi iliyokufa, hata fundi mzoefu anadanganyika. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kuelekea mbele, halafu rudisha nyuma. Kama upande mmoja mkono unateleza na upande wa pili unakwaruzwa na ncha kali, tairi limelika kama meno ya msumeno. Angalia pia mabonde, sehemu moja imechimbika na inayofuata imenyanyuka; hayo huletwa na shokapu zilizochoka au alaimenti mbaya. Barabarani tega sikio lami inapobadilika. Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami kavu yenye kokoto ukaingia kwenye lami laini, na kwenye barabara ya vumbi unaweza kupotea kabisa. Difu haijui kama uko kwenye lami au kwenye vumbi. Ukitaka uhakika zaidi, hamisha matairi ya nyuma yaende mbele na ya mbele yaje nyuma, uendeshe njia ileile. Sauti ikihama nayo, umeokoa hela nyingi.

Kama matairi ni safi, njoo kwenye beringi za magurudumu. Ukiwa kwenye 60 au 70, barabara ni nyeupe mbele na nyuma, yumbisha gari polepole kushoto na kulia. Ukikata kulia uzito unalalia magurudumu ya kushoto, na kinyume chake. Mvumo ukiongezeka unapokata kulia, anza kushuku upande wa kushoto. Kisha gari lipigwe jeki sehemu ngumu, tambarare, mawe nyuma ya magurudumu, na stendi chini ya chesisi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota spana. Shika gurudumu juu na chini, litikise; kisha lizungushe kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika springi iliyo karibu. Beringi nzima huisikii kabisa kwenye springi. Iliyoharibika inatetemesha vidole, kama unasaga mchanga.

Difu sijaisahau. Difu ina krauni na pinioni, yaani gia kubwa na gia ndogo inayoizungusha, na meno yake yana nyuso mbili: uso mmoja hufanya kazi unapokanyaga mafuta, wa pili unapoyaachia na magurudumu yanapoisukuma injini. Ndiyo maana mlio wa difu hubadilika mguu unapobadilika. Nawe unapita Kitonga kila unapokuja kwetu, mlima unaosema yote mawili. Ukishuka kuelekea Ruaha Mbuyuni kwa gia ndogo, mguu umeachia mafuta, uso wa nyuma wa meno ndio uliobeba gari. Ukirudi unapanda, uso wa mbele ndio unaobeba. Mlio mwembamba unaolia kwenye kupanda tu unasema meno yanakutana vibaya au yamelika. Ukilia kwenye kushuka tu, muulize fundi habari ya nati ya pinioni na beringi zake, huenda kumelegea. Ila Kitonga ni pembamba, kuna kona kali na malori. Sikiliza kwa masikio tu, macho na mikono viwe kwenye kazi yake, na mpe anayekaa pembeni yako kazi ya kukumbuka ulisikia nini wapi.

Jambo jingine: difu mbovu kwa kawaida hulia, sauti nyembamba ya mluzi au ya kulalama. Wewe umeniandikia kwamba gari linavuma. Ndiyo sababu moyo wangu haujakubaliana na fundi wako.

Hata hivyo oili ya difu itazamwe, maana ni kazi ya nusu saa. Mwambie afungue kwanza nati ya kujazia, ya juu, kabla hajagusa ya kumwagia. Ikigoma ile ya juu wakati oili imeshamwagwa, gari limekwama hapo. Oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Nati ya chini ina sumaku. Unga laini wa kijivu unaopakaa vidoleni kama losheni ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, na hapo nitakubali difu ifunguliwe. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na wewe unavuka mito. Wasafishe kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli, wasijaze mpya tu na kuondoka. Na oili iwe ya difu yenye alama ya GL-5, siyo oili yoyote iliyobaki kwenye dumu.

Sasa ule mlio wa kugonga unapobadilisha rivasi na gia ya kwanza. Naushuku kwenye propela. Dabo kabini yako ina propela ya vipande viwili, imeshikwa katikati na beringi iliyovaa mpira. Gari likiwa limezimwa na mawe yamewekwa, gia nyutro na handibreki imeachiwa, fundi ashike propela kila upande wa kros, yaani kiungo chake kinachojikunja, na kuipindua huku na huku. Kros nzima haichezi hata kidogo. Achungulie vikombe vya kros: vumbi jekundu la kutu likitoka kwenye sili zake, grisi iliisha zamani na sindano za ndani zimekauka. Autikise pia mpira wa beringi ya kati, aone kama umechanika. Kama atashusha propela, kwanza apige alama kwenye flenji na kwenye vipande vyote viwili, virudi vilivyokuwa. Vikirudi vimepishana gari litatetemeka hata kwa kros mpya.

Nasema hivyo kwa sababu uliongeza majani ya springi nyuma ili kubeba kreti zaidi. Nyuma ikinyanyuka, pembe ya propela inabadilika na kros zinafanya kazi kwa shida, hasa gari likiwa tupu. Angalia kama gari linatetemeka zaidi linapoondoka bila mzigo. Kumbuka pia propela huzunguka karibu mara nne ya gurudumu. Kwenye 80 gurudumu lako linazunguka kama mara 9 kwa sekunde, propela mara 35 na zaidi. Tairi lisilo na balansi linatikisa usukani. Propela isiyo na balansi inatetemesha kiti chini yako, haraka haraka.

Na kama mwisho wa yote ni difu kweli, usinunue ya mtumba kabla hujalinganisha uwiano wake wa gia na wa difu ya mbele. Bati la chesisi lina msimbo wa ekseli, muuzaji anayejua kazi ataulizia huo. Hilux yako haina difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo. Uwiano ukipishana, siku utakayoweka fo-wili, magurudumu yote manne yavute, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Anza na kiganja kwenye matairi, leo hii. Kisha rekodi sauti kwa simu, mara moja ukiwa umekanyaga mafuta na mara moja ukiwa nyutro, unitumie zote mbili. Fundi akitaka kuzungumza nami mpe namba yangu, nitaongea naye kwa heshima.

Baba yako