Shukrani kwa fundi wa Piraeus, Ugiriki
Mzee wangu, ulikataa jina lako litajwe, basi silitaji. Buzuki (ala ya nyuzi ya Kigiriki) la babu yake mke wangu, lile la zamani lenye jozi 3 za nyuzi, tuliliuza kimakosa pamoja na makorokoro tulipohama. Jumapili mbili ulizunguka nami vibanda vya soko la mitumba la Monastiraki, Athens, ukimulika ndani ya tundu la kila buzuki kwa tochi na kioo cha kunyolea, mpaka ukakiona kile kiraka cha karatasi ndani ya letu. Mbavu zake, zile mbao nyembamba za mgongo, zilikuwa zimeachana. Ukazibandika moja moja kwa gundi ya moto itokanayo na ngozi ya wanyama, ukagoma kukwangua vanishi ya zamani (mimi nilitaka ing'ae!), ukanitoza bei ya nyuzi tu. Jana limelia re-la-re, noti za jozi zake tatu, bibi akaacha samaki waungue.