Danio wako hawakuugua dukani kwetu

Haipiti wiki bila mteja kurudi na danio waliokufa, akidai tumemuuzia wagonjwa. Wa karibuni ni kaka mmoja aliyenunua tangi asubuhi, na jioni yake akatia samaki kumi. Siku ya nne alikuwa mlangoni anataka hela yake.

Danio ni yule samaki mdogo wa milia ya buluu, akikua hafiki sana zaidi ya sentimita 4. Kwao ni mito na vijito vya India, Nepal na Bangladeshi, hadi kwenye majaruba ya mpunga. Joto anavumilia, baridi anavumilia. Maabara nyingi duniani zinamfuga, kazi iliyoanzishwa na George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon. Samaki mgumu hivi wakifa wote kwa mpigo, angalia maji kwanza.

Tangi jipya bado halina bakteria wa kutosha wa kusafisha maji. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwenye filta, kichujio cha maji, huigeuza kuwa nitriti, nayo sumu vilevile, halafu nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia. Tukikwambia chukua tangi leo, samaki uje baadaye, hatukuzungushi. Na sifongo ya filta iliyokwisha kujaa bakteria hao tunakupa bure, uanzie hapo.

Kinachotuumiza zaidi ni usafi wa kupitiliza. Mama mmoja mteja wetu kila Jumapili alimwaga maji yote na kuosha filta kwa sabuni, akiua bakteria wale wale aliowasubiri. Hela ya kununua samaki wapya ikapita bei ya tangi. Badilisha robo tu kwa wiki, kwa maji ya bomba yaliyotibiwa kwa dawa ya kuondoa klorini. Sifongo ikamue ndani ya maji uliyotoa tangini, basi.

Mnasema samaki wa wauzaji wa barabarani ni nafuu. Wetu tunawatenga wiki mbili kabla ya kuwauza, na wanaokufa humo ni hasara yetu. Bei hiyo hatushushi. Hita ya kupasha maji hatukuuzii, kwa joto la Dar danio hahitaji. Mfuniko nunua, maana wanaruka.

Na wakianza kufa, usikimbilie wengine. Lete maji ya tangi lako kwenye chupa safi, tutapima amonia na nitriti bila malipo kabla hujalipia samaki mwingine.