Mtambo wa majitaka usisifiwe kwa bili ndogo ya umeme

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie habari ambayo mabaraza ya miji hupenda kuipigia makofi: mtambo wa kusafisha majitaka umepunguza bili ya umeme. Mimi nikisikia hivyo huuliza kwanza maji yanayotoka mtamboni yana hali gani.

Mafundi wa mitambo hii wanajua umeme unakokwenda. Pale inapotumika mbinu ya tope hai, yaani tope lililojaa bakteria wanaosafisha maji, iliyobuniwa Manchester na Edward Ardern na William Lockett mwaka 1914, kwa kawaida nusu ya umeme au zaidi humezwa na mashine zinazopuliza hewa kwenye matangi, kwa kuwa bakteria wanaokula uchafu hawafanyi kazi hiyo bila oksijeni. Pampu hufuata. Taa za ofisi, ambazo ndizo kampeni za kubana matumizi huanza nazo, ni tone tu.

Kwa hiyo mkubwa akiagiza umeme upungue kabla ya mwisho wa mwezi, njia ya haraka aliyonayo fundi ni kuzima mashine ya hewa. Bili itashuka kweli. Lakini bakteria wakikosa oksijeni, amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, haigeuki nitrati, tope linaanza kuoza na kunuka, na uchafu unateremka mtoni ukanyang'anye samaki oksijeni yao. Gharama iko palepale, ila sasa wanaibeba watu wanaoishi chini ya mto, ambao hakuna aliyewauliza.

Nayasema haya nikiwa upande wa wanaotaka umeme upungue. Upotevu upo, tena mkubwa. Majitaka huja kwa wingi asubuhi watu wanapoamka na kuoga, yakapungua mno usiku wa manane, ilhali mashine yenye kasi moja inapuliza saa zote kwa nguvu ileile. Oksijeni iliyoyeyuka ikifika miligramu 2 hivi kwa lita, kwa kawaida bakteria wametosheka. Kuipandisha hadi 5 au 6 ni kuteketeza umeme bure, na kadiri maji yanavyokaribia kushiba oksijeni ndivyo yanavyozidi kuwa magumu kuongezewa.

Dawa yake inajulikana: kipima oksijeni ndani ya tangi, na kifaa cha kubadili kasi ya mota kinachofuata kipimo hicho. Katika feni na pampu zenye pangaboi, kasi ikipungua kwa asilimia 20, umeme unaohitajika unaweza kushuka hadi karibu nusu, kwa sababu nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi (0.8 × 0.8 × 0.8 ni karibu 0.5). (Pampu inayoinua maji kwenda juu haipati faida yote hiyo, maana kimo cha kuyapandisha hakibadiliki.) Halafu kuna usafi wa vifaa vyenyewe. Kipima kilichofunikwa na ute husoma oksijeni pungufu, na mashine ikadanganyika kuongeza hewa isiyohitajika. Vitundu vya kutolea mapovu vikiziba, mashine inasukuma kwa shinikizo kubwa zaidi kupata matokeo haba. Kazi ya kuosha vitu hivi ipewe mtu maalumu na muda wake, kwa sababu bila hivyo vifaa vizuri vinaishia kuendeshwa kwa mkono.

Sasa nije kwenye ombi langu. Hesabu zinapotolewa, mara nyingi hutajwa uniti za umeme kwa kila mita ya ujazo ya majitaka. Kipimo hicho peke yake kinapotosha. Mvua ikipenya kwenye mabomba yaliyopasuka, mita za ujazo zinapanda, uniti kwa kila mita zinashuka, na mtambo unaonekana hodari kumbe umesukuma maji ya mvua. Mji unaotumia maji kwa uangalifu hupeleka majitaka mazito, nao huonekana mbadhirifu! Kipimo cha haki ni uniti kwa kila kilo ya uchafu ulioondolewa, uwe umepimwa kwa BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kuula uchafu) au COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja kwa kemikali), na kando yake ubora wa maji yanayotoka. Mita ya umeme ipo na sampuli huchukuliwa. Kilichobaki ni kuziweka namba hizo katika jedwali moja.

Mtambo wa Strass, Austria, tangu 2005 huzalisha umeme mwingi kuliko unaotumia, na bado huondoa nitrojeni. Sehemu ya siri yake ni kuikamata mapema kaboni iliyomo kwenye uchafu na kuipeleka kwenye matangi yasiyo na hewa, ambako tope hutoa methane, gesi inayowaka, ya kuendesha jenereta. Mtambo wa Oakland, California, nao ulivuka mstari huo mwaka 2012, ukisaidiwa na taka za chakula kutoka nje. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 2024, umetaka nishati inayozalishwa na mitambo ya nchi ilingane na inayotumiwa ifikapo 2045. Hayo hayafikiwi kwa kuzima hewa.

Mhariri, waandishi wako watakapopokea taarifa ya mtambo uliookoa umeme, naomba wasiichapishe kabla ya kuuliza mambo mawili: kilo ngapi za uchafu ziliondolewa miezi hiyo, na amonia ilikuwa kiasi gani kwenye maji yaliyomwagwa mtoni.

Msomaji wako,
Fundi wa mitambo ya majitaka