Kusamehe na kudai haki

Mhariri,

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ardhi imegombanisha ndugu wengi huku kwetu Hombolo. Kaka yangu aliuza shamba la zabibu la marehemu baba bila kunishirikisha. Mizabibu ilikatwa, mashada mabichi yakaachwa juani. Jina lake likitajwa kwenye maombi, kifua kilinibana.

Waebrania 12:15 inaonya juu ya shina la uchungu. Niliomba sana, Mungu akanipa nguvu, nikaenda kwake, tukala ugali na mlenda. Nilimwambia wazi: umenidhulumu, nimekusamehe. Shamba halikurudi.

Wachungaji wetu wafundishe hivyo, kwamba kusamehe hakumzuii mtu kutaja dhuluma na kudai haki yake, maana wajane wengi wanaambiwa wasamehe na papo hapo wafute madai yao kwenye baraza la ardhi.

Mkulima, Hombolo, Dodoma