Tusikimbilie kufomati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye steshenari, mafundi wenzangu na kila anayetembea na flashi mfukoni hapa Moshi. Tuache kukimbilia kufomati, yaani kuisafisha flashi au diski ianze upya kama tupu. Nimeshuhudia kazi za watu zikipotea kwa neno hilo moja, na nyingi hazikuwa na sababu ya kupotea.

Mwezi uliopita, Jumatatu moja, nilikuwa steshenari nimeinamia printa iliyokuwa inatafuna karatasi. Akaingia binti wa chuo, anahema. Ripoti yake ya fildi ilikuwa inakabidhiwa saa 6 mchana, na hapo ilikuwa saa 4 na nusu. Kijana wa kaunta akachomeka flashi. Folda zote zilikuwa zimegeuka shotikati, zile alama za njia ya mkato zinazoelekeza kwenye faili jingine, na kila akibofya, kompyuta inaleta ujumbe wa kosa.

"Dada, hii imeliwa na virusi. Ngoja nikufomatie iwe safi."

"Haya kaka, fanya haraka."

Binti alikubali kwa sababu alidhani kufomati ndiyo dawa ya kumrudishia ripoti, na kijana naye alikuwa na nia njema kabisa, maana ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia pale kaunta. Nilipaza sauti, "Subiri!" kwa nguvu hadi mzee aliyekuwa anatoa kopi ya kitambulisho akainua mikono juu.

"Shikamoo mjomba. Kwani ripoti yangu bado ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo, haijatoka humo."

Kirusi cha namna ile hakifuti kitu. Kinachofanya ni kuyapa mafaili yako alama ya kufichwa na alama ya kuwa mali ya mfumo, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale ili ubofye wewe mwenyewe na kukipa ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta. Ujanja uko hapo. Mwezi Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozuia flashi kujiendesha yenyewe ikichomekwa kwenye Windows za zamani, lakini shotikati haihitaji kujiendesha, inahitaji kidole chako. Na ule ujumbe wa kosa ulikuja kwa sababu kinga ya kompyuta ile ilikuwa imeshakiondoa kirusi chenyewe na kuacha shotikati zinazoelekeza kusiko na kitu.

Tukafungua lile dirisha jeusi la amri. Flashi ilikuwa imesomeka kwa herufi F, kwa hiyo nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Hizo h na s ni zile alama mbili nilizozitaja, na r ni ile ya kusomwa tu. Ukiziwekea alama ya kutoa, unazivua. Ikajitokeza folda isiyo na jina kabisa, na ndani yake kila kitu: ripoti, picha za fildi, hata mahubiri ya sauti aliyokuwa anamwekea mama yake. Saa 5 kasoro kurasa zilikuwa zinatoka kwenye printa. Binti alizipokea moja moja zikiwa bado za moto.

Si kila mara mtu anawahiwa. Mwaka jana katibu wa kikoba kimoja alikuja kwangu na kompyuta ya mezani iliyokuwa haiwaki hadi mwisho. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mmoja, naye akaifomati na kupiga Windows upya bila kuuliza ndani kuna nini. Kompyuta ikawaka vizuri sana, ila hesabu za kikoba za miaka mitatu hazikuwemo: nani ana hisa ngapi, nani kakopa, nani bado hajarejesha. Mama yule alikaa kwenye kiti changu kama mtu aliyefiwa, na wanachama walikuwa wanakutana Jumapili.

Bahati yake ilikuwa diski ya zamani, ile inayozunguka. Kufomati kwa haraka kwenye diski ya aina hiyo ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Sura bado zimo, hujui tu ziko ukurasa upi, na zitakaa hapo hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo kosa la kwanza ni kufomati, na la pili ni kuendelea kuitumia kompyuta. Nilichomoa diski ile siku ileile nikaendesha PhotoRec, programu ya bure kabisa inayopekua diski kipande kwa kipande. Inarudisha mafaili bila majina yake, yanakuja na namba tu. Tukakaa na katibu usiku wa siku mbili, chai kwenye chupa, tunafungua moja baada ya jingine. Sehemu kubwa tuliipata. Ile iliyoandikwa juu na Windows mpya haikurudi, na palipobaki pengo wanachama waliaminiana kwa mdomo.

Sasa sikilizeni mafundi wenzangu, maana hapa mambo yamebadilika na wengi wetu bado tunafanya kazi kwa mazoea. Kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi zina SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Ukiifomati, Windows inaiambia diski kwamba nafasi hizo hazina kazi tena, na diski yenyewe inaanza kuzisafisha. Saa chache baadaye hakuna PhotoRec wala fundi wa Dar es Salaam atakayekuta kitu. Ule mtindo wa "fomati kwanza, tutatafuta baadaye" ulikuwa unatuponea kwenye diski zinazozunguka tu. Muulize mteja ana nini ndani, chomoa diski, toa nakala, ndipo upige Windows. Mteja atalalamika kuwa unachelewa. Mwache alalamike.

Kuna na flashi za uongo, nazo kufomati hakuzisaidii hata kidogo. Unanunua imeandikwa GB 64, kompyuta nayo inakubali ni 64, kumbe chipu ya ndani ni ya GB 8 na imepangwa idanganye. Ukivuka hizo 8, majina ya mafaili yanaonekana lakini hayafunguki. Mtu anasema virusi, anafomati, anajaza tena, anapoteza tena. Jaribu flashi mpya kwa programu ya H2testw ukiwa na Windows, au F3 ukiwa na Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kabla hujaiwekea picha za harusi ya mtu. Ila flashi ya 64 ikionyesha 59 na kitu, usigombane na muuza duka. Kiwanda kinahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, na Windows inaihesabu kuwa 1,073,741,824. Hapo hujaibiwa.

Ombi langu kwa wenye steshenari ni dogo. Kila mmoja ana kompyuta kuukuu imelala stoo. Itoeni vumbi, muiwekee Linux, ikae kaunta kwa kazi moja tu ya kupokea flashi za wateja. Linux aliianza mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, na leo ndiyo kiini cha kila simu ya Android tuliyoshika mkononi, kwa hiyo si kitu kigeni. Ni ya bure, na yako matoleo mepesi yanayotosheka na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2. Virusi hivi vya shotikati vimeandikwa kwa ajili ya Windows, pale havipati pa kukanyaga. Na kwa kuwa Linux haizijali zile alama za kufichwa, mafaili ya mteja yanaonekana yote mara tu flashi inapochomekwa. Futeni shotikati hapo, hamishieni kazi kwenye kompyuta ya kawaida, chapeni huko. Kuchapa nawashauri mbaki na mashine mliyoizoea, maana mpangilio wa kurasa unaweza kusogea ukibadili programu.

Ya kwangu iko Majengo, kwenye meza ya dirishani, tangu saa 2 asubuhi. Kuangalia flashi sitozi kitu. Njoo nayo kama ilivyo, usiifomati njiani.

Fundi na mpenzi wa kompyuta,
Majengo, Moshi