Redio koli yenye toni bado inasikika na kila mtu

Kampuni za utalii hapa Arusha zinapotuletea redio koli za magari, ombi linalorudiwa kuliko yote ni hili: "Tuwekeeni toni, wale jamaa wasitusikie." Toni tunaiweka, ila kwanza tunaeleza inafanya kazi gani, maana wengi huondoka wakiamini mazungumzo yao sasa ni siri.

Toni ni mlio mdogo unaorushwa pamoja na sauti yako. Redio yako ikipokea mawimbi yasiyo na mlio huo, inanyamaza. Basi. Inakuondolea kelele za wengine, lakini haiwazuii wao kukusikia. Mwenye redio iliyo kwenye masafa yako akiondoa toni upande wake, na redio nyingi zina kitufe cha pembeni cha kazi hiyo, atasikia kila neno, jina la mgeni na namba ya chumba vikiwemo. Hata yale mafumbo ya madereva porini, simba akiitwa "sharubu", yanamficha mgeni aliyekaa kiti cha nyuma tu. Dereva wa kampuni nyingine anayajua kama wewe.

Kuhamia redio za kidijitali peke yake nako hakutoshi. DMR, mfumo ambao redio nyingi za biashara zinautumia sasa, ni kiwango kilichochapishwa wazi na taasisi ya Ulaya ya ETSI mwaka 2005. Mtu mwenye kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta na programu ya bure anaweza kukusikiliza, ilimradi sauti haijasimbwa, yaani haijavurugwa isisikike bila ufunguo. Siri inaanza pale unapowasha usimbaji wenyewe, na usimbaji una madaraja. Lile la chini, linalokuja bure na redio nyingi, linamzuia mdadisi na si zaidi. La kati, lenye ufunguo wa biti 40, limeshapitwa na wakati. Tunalopendekeza ni la juu, AES ya biti 256, ambalo mara nyingi hulipiwa kwa kila redio. Kinachotupa imani nalo ni kwamba limechunguzwa hadharani kwa miaka mingi. Usimbaji unaofichwa ni kinyume chake: mwaka 2023 watafiti wa Midnight Blue wa Uholanzi walionyesha kwamba TEA1, usimbaji wa redio za TETRA (mfumo unaotumiwa na polisi na huduma za dharura) uliokuwa umefichwa kwa miongo, ulikuwa na ufunguo wa biti 80 uliopunguzwa kimyakimya hadi biti 32. Kompyuta ya kawaida inauvunja.

Jambo jingine la kujua kabla ya kununua: redio za watengenezaji tofauti, hata zote zikiwa DMR, si lazima zielewane zikishasimbwa. Ukichanganya mbili za huku na tatu za kule, utaishia kuzima usimbaji ili timu iongee.

Sasa leseni. Wapo wanaodhani kwamba wakishasimba hawahitaji leseni, kwa kuwa hakuna atakayejua ni wao. Usimbaji unaficha maneno, haufichi mawimbi. Kila unapobonyeza kuongea, vifaa vya kufuatilia masafa vinakuona unarusha, na mahali antena yako ilipo panatafutika. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kutumia masafa bila leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ni kosa, redio iwe imesimbwa au la. Na redio zenyewe ziwe za aina iliyoidhinishwa na mamlaka hiyo. Kijiredio cha bei rahisi kinachoruhusu kuingiza masafa yoyote kwa vitufe hakikupi haki ya kuyatumia.

Ombi la leseni linataka mambo ya kawaida: usajili wa kampuni, TIN, idadi ya redio za mkononi na za gari, nguvu zake kwa wati, mahali antena ilipo na urefu wake. Sisi huandika wazi pia kwamba sauti itasimbwa na kwa njia gani. Ofisi ya TCRA ya kanda ya kaskazini ipo hapahapa Arusha, kwa hiyo swali linaulizwa ana kwa ana. Leseni itoke kwa jina la kampuni yako, kamwe isiwe ya muuzaji wa redio, sisi tukiwemo. Ada za masafa ni za kila mwaka, ziweke kwenye bajeti. Na magari yakivuka kuingia Maasai Mara, karatasi ya TCRA inaishia mpakani. Upande ule mamlaka ya mawasiliano ni CA ya Kenya.

Je, unahitaji kusimba? Kwa maoni yetu, wateja wengi wa utalii hawahitaji kusimba kila kitu. Gari likikwama kwenye tope Ndutu, unataka dereva yeyote aliye karibu akusikie. Tunachofanya ni kuacha chaneli moja wazi kwa dharura na kusimba ya ofisi, ile ya majina ya wageni, fedha na mahali faru alipoonekana. Kampuni za ulinzi na wasafirishaji wa fedha ni habari nyingine, hao wasimbe zote.

Ufunguo ukae kwa mtu mmoja au wawili, si kwenye kundi la WhatsApp. Redio moja ikiibiwa, izimwe kutoka mbali kama ina uwezo huo, kisha zote zilizobaki ziletwe zibadilishiwe ufunguo. Ripita, mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena mbali zaidi, haihitaji kuguswa, yenyewe inapitisha tu bila kufungua.

Ukija dukani, njoo na redio moja uliyonayo, nakala ya leseni kama ipo, na ramani ya maeneo magari yanakofika. Kama magari yanashuka Ngorongoro, tuambie mapema: ukuta wa kreta wenye urefu wa mita 600 hivi unaamua mahali pa antena kabla hatujafika kwenye usimbaji.