Barua ya wazi kwa Hakimu Mkuu: siku 60 za kesi yangu zililiwa na nani?

Kwako Mheshimiwa Hakimu Mkuu unayesimamia mahakama ya mji wetu,

KUH: KESI YA MADAI MADOGO AMBAYO HAIJASIKIZWA TANGU TAREHE 3 MACHI

Mheshimiwa, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Nimekuandikia mara mbili kabla ya leo. Barua zote mbili nilizipeleka masijala kwa mkono wangu, zikapigwa muhuri, nikarudishiwa nakala, na mpaka sasa sijapata jibu. Hii ya tatu nimeamua kuiweka wazi ili hata wasiokuwa na kesi waisome.

Jumanne iliyopita, tarehe 9 Juni, nilifika mahakamani saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa na daftari langu la kazi, karatasi ya delivari yenye muhuri wa shule, taarifa ya M-Pesa niliyochapishiwa saiba, na binti aliyenisaidia kubeba mizigo ya sare hadi ofisini kwa shule hiyo. Huyo binti siku hizi ameajiriwa kwingine, na ilikuwa mara yake ya tano kuomba ruhusa kazini kwa ajili yangu. Kesi ilipoitwa, wakili wa mdaiwa alisimama akazungumza kwa Kiingereza, akazungumza sana. Nilishika maneno machache tu: siku sitini, mamlaka, Mahakama Kuu. Mwamuzi aliandika, kisha akaniambia uamuzi kuhusu pingamizi hilo utasomwa tarehe 7 Julai. Nikatoka bila kujua kama nimeshinda au nimeshindwa. Kijana mmoja anayesomea uanasheria, tuliyekuwa tumeketi naye kwenye benchi la nje, ndiye aliyenifafanulia. Alisema, "Mama, wakili anadai mahakama haina tena uwezo wa kusikiza kesi yako, kwa kuwa siku 60 za kuimaliza zimepita."

Mheshimiwa, miguu iliniisha nguvu, nikaketi tena palepale. Siku hizo 60 ni nani aliyezila? Mimi sijakosa kufika hata mara moja.

Naomba nikukumbushe siku mahakama ilipokuja uwanjani kuwaeleza wananchi habari za mahakama ya madai madogo. Mimi nilikuwa pale, safu ya pili, nimekaa na wenzangu wa chama. Wewe mwenyewe ulishika maikrofoni ukatuambia kwamba mtu anayedai hadi shilingi milioni moja hana haja ya wakili. Ulisema, aje na stakabadhi zake, azungumze lugha anayoijua, na ndani ya siku 60 atakuwa ameamuliwa. Tulikupigia makofi. Niliyaandika maneno yako nyuma ya daftari langu, kwa sababu wakati huo tayari nilikuwa nadai, na nilikuwa nimeshakata tamaa.

Deni lenyewe si gumu kulieleza. Mwezi wa Novemba shule moja ya binafsi iliniagiza seti 120 za sare kwa shilingi 1,850 kila seti, jumla 222,000. Walinilipa 60,000 za kuanzia. Nilipanda basi hadi Eastleigh, Nairobi, nikachukua majora ya kitambaa, sehemu kwa pesa taslimu na sehemu kwa mkopo wa mwenye duka aliyeniamini. Desemba yote, wakati watu wanakula sikukuu, mimi na mabinti wawili tulikuwa tunakata na kushona hadi saa sita usiku. Kola zote nilizigeuza mwenyewe, maana kola ikipinda mzazi anaiona kwanza. Januari shule zilipofunguliwa watoto walivaa. Nawaona kila asubuhi wakipita mbele ya kibanda changu, na naijua mishono yangu. Zilizobaki ni shilingi 162,000. Niliambiwa nisubiri karo ziingie. Karo zikaingia, simu yangu ikaacha kupokelewa.

Basi nilifanya ulivyotufundisha. Niliandika notisi ya madai, nikampa mkurugenzi mkononi, akatia sahihi. Sina kompyuta, kwa hiyo nilikwenda saiba nikafunguliwa akaunti ya kusajili kesi kwa mtandao. Kijana wa saiba alipiga chapa maelezo yangu, nikalipa ada kwa simu, na tarehe 3 Machi dai likasajiliwa. Samansi, yaani wito wa kumtaka mdaiwa ajibu, ikapelekwa, na hati ya kiapo ya kuonyesha kwamba imefika ikawekwa kwenye faili. Sikuruka hatua hata moja. Siku ile nilichukua chaki ya kukatia nikachora mstari chini ya meza yangu, mahali ambapo wateja hawaoni. Kila jioni nikifunga kazi naongeza mstari.

Tarehe 24 Machi tulielezwa kwamba mwamuzi yuko kwenye mafunzo. Tarehe 14 Aprili wakili wa mdaiwa alisema ndiyo kwanza amepewa kazi hii, aongezewe muda wa kujibu, akaongezewa. Tarehe 28 Aprili kikao kilikuwa cha video, sauti ikawa inakatika, kesi ikasogezwa. Siku hiyo nilinyanyua mkono nikasema, "Mheshimiwa Mwamuzi, leo ni siku ya 56." Nilijua kwa sababu ya mistari yangu. Nilijibiwa kwa upole kwamba imenakiliwa, na tarehe iliyotolewa ikawa 19 Mei. Hiyo ni siku ya 77, Mheshimiwa. Siku ya 60 ilikuwa 2 Mei na ilipita nikiwa kibandani natia zipu. Tarehe 19 Mei wakili hakufika, ikasemwa ni mgonjwa. Namwombea afya. Lakini tarehe 9 Juni alifika mzima kabisa na kitu alichokileta ni hesabu ya siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa anaomba ziongezwe.

Sasa naomba nizungumze juu ya sheria, na unisamehe kama mtu wa cherehani anazungumza juu ya sheria mbele yako. Yule kijana wa benchini alinisaidia kuipata, tukaisoma pamoja kifungu kwa kifungu. Ni Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya ya mwaka 2016. Kifungu cha 34 kinasema kesi isikizwe siku hiyohiyo au siku baada ya siku hadi iishe, na iishe ndani ya siku 60 tangu dai lisajiliwe. Kinasema kesi isiahirishwe ila kwa jambo la dharura lisilotarajiwa, jambo hilo liandikwe, na kuahirisha kusizidi mara tatu. Yangu imeahirishwa mara nne kabla ya pingamizi. Kifungu cha 32 kinaiondolea mahakama hii masharti makali ya ushahidi, ndiyo maana daftari la fundi linaweza kusomwa pale. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inasema haki isicheleweshwe na isizuiwe na mambo ya kiufundi ya utaratibu. Yote haya yameandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Hata kikomo cha zamani cha shilingi 200,000, kabla hakijapandishwa mwaka 2020 kuwa milioni moja, dai langu halikifikii. Kama mahakama hii haikuundwa kwa ajili ya dai la sare za shule, iliundwa kwa ajili ya dai gani?

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Nimeelezwa kwamba majaji wa Mahakama Kuu hawajakubaliana juu ya siku 60. Wako waliosema hukumu ikitoka baada ya siku hizo haina nguvu. Wako waliosema ina nguvu, kwa sababu mwananchi hawezi kuadhibiwa kwa kuchelewa kwa mahakama. Maana yake, hata nikishinda tarehe 7 Julai, mdaiwa anaweza kukata rufaa kwa hoja hiyohiyo, kwa kuwa rufaa ya kesi hizi huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria. Huko nitajitetea vipi bila wakili? Wakili nitamlipa na nini? Siku 60 ziliwekwa zinilinde. Mtu mwenye wakili amezigeuza kisu, na kila tarehe mpya mliyompa ilikuwa ni kumnolea.

Wiki moja kabla ya tarehe 19 Mei nilipigiwa simu na mtu wa ofisi ya shule. Aliniambia, "Chukua 70,000 leo jioni, uondoe kesi." Nakwambia ukweli, nilikaribia kukubali. Mwenye jora alikuwa amenipigia asubuhi ileile. Kodi ya kibanda nilikuwa nadaiwa ya miezi miwili. Mashine yangu ya ovaloki nilikuwa nimeshaiuza mwezi wa Aprili ili nimpunguzie mwenye jora, na sasa pindo zote nazipeleka kwa fundi mwingine na kumlipa kwa kila nguo. Nilikataa kwa sababu niliamini tarehe 19 nitasikizwa. Ningejua, sijui ningejibu nini. Na ninaamini kabisa kwamba simu ile ilipigwa kwa sababu wanajua mimi siwezi kungoja kama wao.

Sisemi kuna mtu amehongwa. Sina ushahidi na siwezi kumzulia mtu. Nadhani waamuzi ni wachache na mafaili ni mengi. Tarehe 28 Aprili nilihesabu kesi 41 kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, na mwamuzi ni mmoja. Nadhani pia mawakili wamezoea mahakama nyingine ambako kuomba tarehe ni jambo la kawaida, na wamekuja na mazoea yao hapa, nanyi mkawaachia. Labda yako mengine nisiyoyajua. Lakini Mheshimiwa, mtu akinipa kitambaa nimshonee, nikamwambia Ijumaa, hata kama umeme umekatika mimi ndiye ninayemtafuta kumweleza. Singoji yeye anifuate mara mbili kwa barua.

Na habari ya lugha. Ulitwambia tuzungumze lugha tunayoijua. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, imo kwenye kifungu cha 7 cha Katiba. Mwamuzi akinisemesha mimi hutumia Kiswahili, namshukuru. Lakini akigeuka kwa wakili, kesi yangu inahamia Kiingereza na mimi nabaki nimesimama kama mtu aliyepita njia. Jambo lililoweza kuiua kesi yangu nilielezwa na mwanafunzi kwenye benchi. Kama asingekuwepo, ningerudi nyumbani nikidhani nimepewa tu tarehe nyingine.

Sikuombi uniamulie kesi. Najua huwezi, na si haki kwa upande wa pili. Sikuombi umkaripie mwamuzi. Naomba tarehe 7 Julai. Pingamizi likiamuliwa asubuhi na likatupwa, basi kesi isikizwe siku hiyohiyo, kwa Kiswahili, bila tarehe nyingine kutolewa. Shahidi wangu ni mmoja. Stakabadhi zangu ni nne. Haitachukua hata saa moja. Naomba pia iandikwe kwenye faili, tarehe kwa tarehe, kila kuahirishwa kulitokana na nani, ili kama mambo yatafika Mahakama Kuu, jaji aone kwamba mshonaji hakuchelewesha chochote. Hilo la pili mkishindwa, nitavumilia. La kwanza siwezi. Naomba nisikizwe tarehe 7 Julai.

Mwenye jora ameniambia wazi kwamba hanipi tena kitambaa kwa mkopo hadi deni lake liishe. Oda za Januari huanza kuja Oktoba. Nisipokuwa na kitambaa Oktoba, nimepoteza mwaka mzima, na hao mabinti wawili pia. Ndiyo maana nakwambia tarehe 7 Julai na si "hivi karibuni".

Nitakuwa hapo saa moja na nusu, kama kawaida yangu, benchi la nje la korti namba mbili, na daftari langu lenye jalada jeusi. Binti ameshaomba ruhusa, ya sita sasa, na mwajiri wake amemwambia hatampa nyingine. Naomba jina langu likiitwa, nisikizwe.

Wako kwa heshima,

Mshonaji wa sare, mdai anayejisimamia mwenyewe